Shajara ya STI: kutafuta pedi za breki zisizochafua rimu

Gari lenyewe ni Subaru Impreza WRX STI ya 2008, chesi GRB, iliyoshuka bandarini Dar es Salaam kutoka Japani na injini yake ya EJ207, lita 2.0 yenye turbo. Kiwandani ilitajwa kuwa na nguvu za farasi 308. Breki ni za Brembo: mbele kalipa (vibanio vinavyosukuma pedi) za pistoni nne zinazobana diski ya milimita 326, nyuma pistoni mbili na diski ya milimita 316. Ndilo gari ninaloendea kazini kutoka Tegeta hadi Posta, ndilo linalopeleka watoto shule, na ndilo linalotufikisha ukweni Lushoto. Nyumbani hakuna gari la pili.

Lengo la mradi ni kupata pedi ambazo hazigeuzi rimu kuwa nyeusi ndani ya siku mbili, zinazoshika vizuri zikiwa bado baridi kwenye foleni ya asubuhi, na zinazoweza kubeba mteremko wa Lushoto gari likiwa limejaa watu na mizigo. Mahitaji haya matatu yanavutana. Sehemu kubwa ya shajara hii ni habari ya mvutano huo.

Machi: kilichopo kwenye gari

Rimu ni za rangi ya fedha, inchi 18. Nikiziosha Jumamosi, Jumatatu jioni za mbele zimeshapata weusi unaoshika kidole, na katikati ya wiki rangi yake haionekani tena. Za nyuma nazo zinachafuka, ila kidogo. Hilo linaeleweka: ukikanyaga breki uzito wa gari unahamia mbele, kwa hiyo breki za mbele ndizo zinazofanya sehemu kubwa ya kazi.

Nilikung'uta vumbi hilo kwenye karatasi nyeupe nikapitisha sumaku chini yake. Chembe zikasimama wima na kuifuata sumaku kila nilikoisogeza. Zilizobaki pale pale zilikuwa chache. Kwa maana hiyo, ninachokiosha kila Jumamosi kwa sehemu kubwa ni chuma.

Kwa tunaoishi karibu na bahari jambo hili lina uzito wa ziada. Chembe za chuma zinaruka zikiwa za moto, zinajibandika kwenye rangi ya rimu, kisha unyevu na chumvi ya hewa vinazishambulia hapo hapo. Baada ya muda vinatokea vidoa vya kahawia ambavyo sabuni ya kuoshea gari haivitoi. Nimetumia dawa ya kuyeyusha chuma, ile inayogeuka zambarau inapokutana na chembe hizo, na hata hivyo upande wa ndani wa rimu umebaki na makovu. Anayesema vumbi la breki ni suala la urembo tu aje aone rimu ya gari linalolala Kunduchi bila kusuguliwa.

Pedi zilizomo ni za mmiliki aliyetangulia. Bati la nyuma limepakwa rangi nyeusi, hakuna jina wala namba. Zinashika vizuri, tena kwa ukali, na zinapiga kelele nyembamba gari likikaribia kusimama.

Machi, mwishoni: vumbi linatoka wapi

Wengi tunaamini vumbi ni pedi inayosagika. Hiyo ni nusu ya habari. Diski ya breki ya gari la kawaida ni chuma cha kusubu, na yenyewe inalika pia. Ndiyo maana sumaku ilikusanya vile.

Pedi hushika diski kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya kukwaruza: ndani ya pedi kuna nyuzi za chuma na chembe ngumu zinazochimba uso wa diski kidogo kidogo kila ukikanyaga. Ya pili ni ya kunata: pedi huacha utando mwembamba wa malighafi yake juu ya diski, na kuanzia hapo pedi inasuguana na utando huo, unaovunjika na kujengeka upya kila mara. Pedi zote hutumia njia zote mbili. Zinachotofautiana ni ipi inatawala.

Pedi za semi-metaliki, ambazo chuma na metali nyingine zinaweza kuwa kati ya asilimia 30 na 65 ya uzito wake, zinaegemea sana kukwaruza. Faida yake ni kustahimili joto na kushika kwa nguvu. Gharama yake unaiona kwenye rimu, unaisikia masikioni, na unaipima kwenye diski. Pedi za Ulaya zenye chuma kidogo zaidi nazo ziko upande huo, kwa sababu magari ya kule hutarajiwa kushuka kutoka mwendo mkubwa wa barabara kuu bila breki kulegea. Weusi wa rimu za mbele za magari ya Kijerumani unafahamika dunia nzima. Wajapani na Wamarekani walipendelea pedi za oganiki zisizo na nyuzi za chuma, na humo ndimo ilimozaliwa pedi ya seramiki, ambayo Akebono ya Japani inahesabiwa miongoni mwa waanzilishi wake katika miaka ya 1980. Seramiki inaegemea utando.

Hapa kuna jambo ambalo maduka hayasemi. Maneno "vumbi kidogo" kwenye boksi yamebeba mambo mawili kwa pamoja. Diski inachimbwa kidogo, kwa hiyo chuma kinachoruka ni kidogo. Halafu vumbi linalobaki ni jepesi, la rangi ya kijivu, na halinati kwenye rimu. Hilo la pili ni la macho tu. Ninalolitaka zaidi ni lile la kwanza, na njia ya kulipima ni unene wa diski, rimu peke yake haitoshi.

Jambo moja la kuweka wazi kabla ya kwenda dukani: pedi ya seramiki haina uhusiano na diski za kaboni-seramiki, zile ambazo Porsche ilianza kuziweka kwenye 911 GT2 mwaka 2001. Nimeshaambiwa bei ya ajabu kwa sababu ya mkanganyiko huo.

Aprili: gereji, Kinondoni

Fundi wangu ni mzee aliyeanza kazi enzi za Peugeot 504. Nilimwambia nataka tufungue tupime tu, hatubadilishi kitu. Alikubali haraka, kwa sababu anachukia kazi ya kubadilisha pedi bila kuangalia kalipa.

Uzuri wa kalipa hizi ni kwamba huhitaji kuzishusha. Unapiga pini mbili kwa patasi nyembamba zitokee upande wa ndani, springi ya msalaba inaachia, pedi inavutwa juu. Upande wa kulia pedi zote mbili zilitoka kwa vidole. Upande wa kushoto ya nje ilitoka, ya ndani ikagoma. Mzee akaigonga taratibu huku na huku kwa mpini wa nyundo mpaka ikaachia, akaigeuza kwenye mwanga. Ilikuwa imeliwa zaidi ya wenzake, na pembeni, pale inapotelezea ndani ya kalipa, kulikuwa na gamba jeupe la aluminiamu iliyooza kwa chumvi, limechanganyika na masizi magumu.

"Mwanangu, hii ilikuwa hairudi," alisema. "Umeachia pedali, yenyewe bado inakula diski."

Maelezo yake yanaingia akilini. Kwenye kalipa ya aina hii hakuna springi kubwa ya kurudisha pistoni. Ule mpira unaoizunguka hujikunja kidogo pistoni inaposukumwa, na ukijikunjua unairudisha kwa sehemu ndogo ya milimita. Nafasi hiyo ndogo ndiyo yote uliyonayo. Pedi ikibanwa na gamba haina pa kurudi, inaendelea kugusa diski barabara nzima, na kinachogusa kinatoa vumbi. Ningenunua pedi za bei mbaya kuliko zote nikazitia kwenye njia ile, rimu ya kushoto ingebaki nyeusi.

Tulisugua njia zote nne kwa brashi ya waya laini, tukapima diski kwa maikromita. Diski mpya ya mbele ina milimita 30. Ya kulia ilisoma 29.1, ya kushoto 28.8. Zote bado ziko juu ya kima cha chini kilichochongwa kwenye diski yenyewe, ila tofauti kati ya pande mbili inathibitisha alichokisema mzee.

Kitu kingine cha gereji ile ninachotaka kukisifu: vijana wake hawaruhusiwi kupuliza vumbi la breki kwa kompresa. Wananyunyizia maji ya sabuni kwanza, wanafuta na kitambaa, kitambaa kinatupwa. Enzi zake pedi zilikuwa na asbestosi, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu, na yeye amezika wenzake. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku asbestosi mwaka 2005, lakini pedi isiyo na jina kama hizi zangu huwezi kuapa ndani mna nini. Na hata bila asbestosi, chembe ndogo kiasi hicho hazina sababu ya kuingia kwenye mapafu ya kijana wa miaka 20.

Aprili: Kariakoo, kusoma pembeni mwa pedi

Nimezunguka maduka ya spea ya Gerezani na Kariakoo. Kila duka lina "seramiki orijino, bosi". Nilichojifunza ni kuacha boksi na kusoma ubavu wa pedi.

Pedi nyingi zinazouzwa soko la Marekani zina herufi mbili zinazoeleza nguvu ya msuguano, ya kwanza kwa joto la kawaida na ya pili kwa joto kubwa. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55, H ni zaidi ya hapo. Kwa hiyo FF ni pedi isiyobadilika tabia ikipata moto, na FE ni ile inayopoteza nguvu ikichemka. Kwa gari linaloshuka milima, herufi ya pili ninaiangalia kwanza. Herufi hizi hazisemi lolote kuhusu vumbi, na kipimo chenyewe kinafanyika kwa kipande kidogo cha pedi kwenye mashine, kwa hiyo nazitumia kuchuja tu. Pedi za Ulaya zina alama ya E yenye namba, na kanuni ya R90 inazitaka zisipishane na pedi za kiwandani kwa zaidi ya asilimia 15.

Kisha kuna alama ya majani matatu. Mwaka 2010 jimbo la California lilipitisha sheria ya kupunguza shaba kwenye pedi, kwa sababu vumbi lake lilikuwa linasombwa na mvua hadi mitoni na kuwadhuru samaki. Shaba ilitakiwa iwe chini ya asilimia 5 kufikia 2021, na chini ya asilimia 0.5 kufikia 2025. Majani yakijazwa yote matatu, pedi imefikia kiwango hicho cha mwisho. Kwa mnunuzi wa Dar hili lina maana yake: shaba ilikuwa inasaidia kusambaza joto na kujenga utando, kwa hiyo watengenezaji wengi wamelazimika kupika upya mchanganyiko wao. Sifa alizoandika mtu kuhusu pedi fulani miaka kumi iliyopita huenda zinahusu malighafi ambayo haimo tena ndani ya boksi hilo hilo. Niliacha kusoma sifa za zamani.

Na Ulaya wanaelekea mbali zaidi. Euro 7 ndiyo kanuni yao ya kwanza kuweka kikomo cha chembe za breki zenyewe: miligramu 7 kwa kilomita kwa magari mengi madogo, na 3 kwa yale ya umeme pekee. Vumbi la breki limehama kutoka kwenye mazungumzo ya wapenda magari.

Habari njema kwa mwenye STI ya Brembo ni kwamba umbo la pedi ya mbele ni lile lile la Mitsubishi Lancer Evolution ya Brembo na Nissan 350Z yenye breki hizo. Duka likisema halina ya Subaru, uliza ya Evo.

Boksi moja lililonivutia bei nililirudisha. Ubavuni mwa pedi hapakuwa na herufi, hapakuwa na namba ya toleo, na kona za pedi mbili za boksi moja zilikuwa zimekatwa kwa pembe tofauti. Muuzaji alisisitiza ni orijino. Nilimshukuru nikatoka.

Mei: uamuzi

Kabla ya kuchagua nilipiga hesabu ya joto. Gari likiwa na watu na mizigo ni tuseme kilo 1,600. Kulisimamisha kutoka kilomita 100 kwa saa, breki zinageuza kilojuli 600 na ushee kuwa joto. Kutoka Lushoto hadi Mombo unashuka takriban mita 900. Nishati ya kushuka huko ni karibu megajuli 14, sawa na kusimama kutoka 100 zaidi ya mara 20. Matairi, upepo na injini vinachukua sehemu kubwa, lakini kiasi gani kinabaki kwa breki kinategemea gia ambayo dereva ameiweka. Hilo lilinitoa wasiwasi mkubwa niliokuwa nao kuhusu pedi laini. Dereva anayeshuka na gia ya pili au ya tatu hahitaji pedi ya mashindano.

Pia hatuna uwanja wa mbio Dar. Pedi ya kukimbilia mbio inataka kupata moto ndipo ishike. Asubuhi Tegeta, na mtoto wa shule akivuka mbele yako, itakuwa bado baridi. Kwa matumizi yangu ni hatari, hata kama jina lake lingependeza kutajwa.

Waliobaki walikuwa watatu. Hawk Performance Ceramic ya Marekani. EBC Redstuff ya Uingereza, ambayo imetengenezwa kwa magari yenye nguvu yanayotaka rimu safi. Na Dixcel aina ya M ya Japani, ambayo mtengenezaji ameipanga kabisa kwenye kundi la kupunguza vumbi, huku aina zake za ES na Z zikiwa za wanaotaka ukali. Zote tatu zinaheshimika na mtu akichagua yoyote simlaumu. Nimechukua Dixcel M, kwa sababu wakala anayeniletea vitu kutoka Japani angeweza kuziweka kwenye mzigo uliokuwa unakuja tayari, zikitoka moja kwa moja kwa muuzaji anayejulikana. Baada ya kuzunguka Kariakoo, uhakika wa chanzo ulikuwa na thamani kubwa kwangu kuliko tofauti ndogo za sifa.

Nimeagiza za mbele na za nyuma kwa pamoja. Rafiki alinishauri niokoe hela kwa kuweka za mbele tu, kwani ndizo zinazochafua. Siwezi. Ukiweka pedi laini mbele na kuacha kali nyuma, unabadilisha mgawanyo wa breki ambao kiwanda kiliupanga, na magurudumu ya nyuma yanaweza kutangulia kupoteza mshiko barabarani wakati wa mvua.

Juni: kufunga

Kazi ilifanyika kwa mzee wa Kinondoni, kwa mpangilio tuliokubaliana naye kabla.

Diski kwanza. Utando wa pedi za zamani ulikuwa bado uko juu ya diski, na malighafi mbili tofauti hazielewani: pedi mpya inashika kwa mabaka, na baadaye usukani unaanza kutetemeka ukifunga breki. Kuna wanaokimbilia kuzichonga kwenye mashine. Zangu zilikuwa zimenyooka, na kila milimita tunayochonga ni uwezo wa kubeba joto tunaoutupa, kwa hiyo mzee alichukua msasa wa namba 120 akazungusha kwa miduara midogo inayopishana, pande zote, mpaka ule uso unaong'aa kama kioo ukafa na kuwa wa kijivu usio na mwelekeo. Akaosha kwa maji ya sabuni, akakausha, akamalizia na dawa ya kusafishia breki.

Halafu njia za pedi: brashi, kitambaa, na grisi kidogo sana ya seramiki isiyoogopa joto, nyuma ya bati na kwenye ncha zinazoteleza. Usoni mwa pedi haigusi. Pistoni zilirudishwa taratibu huku kijana akiangalia kopo la mafuta ya breki lisifurike, maana mafuta hayo yanababua rangi ya gari.

Mafuta yenyewe tulibadilisha yote, tukatia mapya ya daraja la DOT 4, tukatoa upepo magurudumu yote manne. DOT 4 mpya inatakiwa ichemke si chini ya digrii 230, na ikishanyonya maji kikomo chake kinashuka hadi 155. Kwa unyevu wa Dar, mafuta yaliyokaa miaka ndani ya kopo yanaelekea huko chini, na yakichemka kwenye mteremko pedali inazama hadi sakafuni pedi zikiwa nzima kabisa.

Juni: kuzoesha pedi

Nadhani hapa ndipo pedi nyingi za vumbi kidogo zinapoharibiwa sifa. Mtu anafunga, anaingia kwenye foleni, anakanyaga kidogo kidogo wiki nzima, utando haujengeki sawasawa, halafu anasema seramiki haishiki.

Nilitoka alfajiri hadi barabara ya Bagamoyo kwenda Msata, ambayo saa hizo ina nafasi. Utaratibu ni ule unaopendekezwa na watengenezaji wengi: unashuka kutoka 80 hadi 20 kwa mguu imara bila kufunga kabisa, unaongeza mwendo tena, unarudia mara nane hadi kumi, huku ukihakikisha nyuma yako hakuna mtu. Mwanzoni pedali ilikuwa na hisia ya mbao. Katikati ya zoezi ikaja harufu ya resini, gundi inayoshikilia malighafi ya pedi, na baada yake mguu ukaanza kupata jibu lile lile kila nikikanyaga. Baada ya hapo unaendesha muda mrefu bila kugusa breki ili zipoe, na jambo la msingi kuliko yote: usisimame huku umekanyaga pedali zikiwa za moto, maana pedi itachapa alama yake kwenye diski mahali pamoja.

Nilipofika nyumbani diski zilikuwa na rangi ya kijivu yenye kibuluu kwa mbali, sawasawa kutoka ndani hadi nje.

Julai: foleni

Wiki nzima ya Barabara ya Bagamoyo, Mwenge, Morocco, hadi Posta na kurudi. Jumamosi nilipitisha kitambaa cheupe kwenye rimu ya mbele kushoto, ile iliyokuwa mbaya kuliko zote. Kitambaa kilitoka na kijivu hafifu, na maji ya mpira peke yake yalitosha kuondoa kilichobaki. Rimu ya kulia na ya kushoto sasa zinafanana. Kelele imekwisha.

Mguu umebidi uzoee. Pedi za zamani zilikuwa zinarukia diski pedali ikiguswa tu. Hizi zinaongezeka nguvu kadiri unavyokandamiza. Kwenye foleni naona ni afadhali, kwa sababu gari linasimama kwa ulaini na abiria hatingishiki shingo. Mtu anayependa ule ukali wa mwanzo atauona upungufu huu, na anastahili kuujua kabla hajalipa.

Jambo jingine nimeligundua baada ya usiku wa mvua. Diski za chuma hupata kutu nyepesi usiku mmoja, na pedi ya kukwaruza huiondoa kwa kukanyaga mara moja. Pedi hizi ni taratibu zaidi. Kwa anayeegesha gari karibu na bahari kwa wiki kadhaa, kutu hiyo inaweza kuchimba vishimo kwenye diski. Sasa nikiosha gari silipeleki moja kwa moja kwenye maegesho. Nazunguka mtaa, nakanyaga breki kidogo zikauke, ndipo nazima.

Agosti: Lushoto

Gari lilijaa: mke wangu, watoto, begi, na kurudi tukaongezewa viazi, kabichi na mapeasi ya ukweni. Kupanda si kazi ya breki. Kushuka ndiko nilikokuwa nakusubiri.

Nilishuka na gia ya pili kwenye kona kali na ya tatu palipofunguka, nikikanyaga breki kwa nguvu fupi kabla ya kona kisha naachia kabisa, ili zipate upepo. Kuikalia pedali kidogo kidogo njia nzima ndiko kunakochemsha. Soni tulisimama, nikachukua kipima joto cha miale nikaelekeza kwenye diski kupitia mikono ya rimu: kulia digrii 212, kushoto 219. Namba yenyewe inaridhisha, kwani resini za pedi huanza kuvunjika kuanzia takriban digrii 300 kwenda juu. Kilichonifurahisha zaidi ni kukaribiana kwa pande mbili. Kalipa ya kushoto inaachia.

Mombo pedali ilikuwa juu na ngumu kama tulivyoondoka. Hakukuwa na harufu. Mke wangu, ambaye hafuatilii mambo haya, aliuliza tu mbona safari hii sikupiga breki zenye kelele.

Septemba: vipimo

Wakati wa kuzungusha matairi tulipima tena. Diski ya kulia bado inasoma 29.1 na ya kushoto 28.8, yaani maikromita yetu haijaona kilicholiwa tangu Juni. Pedi za ndani na za nje zimepungua kwa usawa. Sumaku niliirudia pia: vumbi la sasa ni kidogo mno kukusanyika, na katika lile lililopatikana, sehemu kubwa ilibaki kwenye karatasi.

Kwa mwenye Evo au 350Z anayefikiria hatua hii, aanze na kalipa na diski kabla ya kutoa hela ya pedi, kwa sababu nusu ya weusi wa rimu yangu ya kushoto ulitokana na pedi iliyokwama.

Kazi iliyobaki ni mipira ya pistoni ya kalipa za mbele. Ina umri wa gari lenyewe, na ile ya kushoto mzee ameiona imeanza kukauka ukingoni. Mipira mipya imeshaagizwa Japani pamoja na vifuniko vyake vya vumbi, na tumepanga kufungua kabla mvua za vuli hazijaanza.